Magari ya Italia na uzuri usiochagua mfuko

Kila mja ana udhaifu wake. Wapo wanaohusudu ng'ombe, wapo wanaohusudu viatu, na wapo wale ambao redio ikitangaza mpira husahau hata chungu kilicho mekoni. Udhaifu wangu mimi ni magari yaliyobuniwa na Waitaliano. Nakiri hili bila haya, ijapokuwa najua kwamba mwalimu wa Kiswahili anayetumia vijisenti vyake kununua majarida makuukuu yenye picha za Lancia na Alfa Romeo hana budi kuwa kichekesho katika chumba cha walimu.

Mwenzangu mmoja anayefundisha hisabati hanipi nafasi ya kupumua. "Mwalimu," huniambia kila anikutapo nimeinamia jarida, "gari ni injini na magurudumu manne. Hayo mengine ni mapambo ya bibi harusi." Naye hayuko peke yake katika fikira hizo. Mkenya akitaka kununua gari huuliza mambo matatu: linakunywa mafuta kiasi gani, spea zake zinapatikana wapi, na siku atakapolichoka atapata wa kumuuzia? Sura ya gari haimo katika maswali hayo. Siwalaumu wanaouliza hivyo, maana barabara zetu twazijua na mishahara yetu twaijua zaidi. Lakini naomba leo nimjibu mwalimu mwenzangu, kwa kuwa nadhani nyuma ya mzaha wake imejificha imani inayotudhuru sisi tunaowafundisha watoto. Ni imani kwamba uzuri ni anasa ya wenye nacho, na kwamba mnyonge anastahili kitu kinachofanya kazi tu, kiwe na sura iwayo yote.

Ugonjwa wangu ulinianza Pasaka ya mwaka 1988. Nilikuwa mvulana wa darasa la sita, na mashindano ya Safari Rally yalikuwa yapite katika barabara ya vumbi iliyokuwa chini ya shule yetu. Enzi hizo Safari ilikuwa ni Safari kwelikweli. Ilikwenda maelfu ya kilomita kwa siku kadhaa, katika barabara ambazo hazikufungwa kwa ajili ya mtu yeyote, hivi kwamba dereva wa kimataifa aliweza kukutana na mkokoteni wa punda penye kona. Tulianza kungoja alfajiri, tumejipanga juu ya ukingo kama ndege wa mtama. Kwanza tukasikia helikopta. Kisha tukaona vumbi likija, na ndani ya vumbi gari jeupe lenye mistari ya samawati, buluu na nyekundu ubavuni. Lilitupita kwa muda usiozidi pumzi mbili, likatuachia changarawe usoni na furaha isiyosemeka.

Lilikuwa Lancia Delta Integrale. Dereva Miki Biasion na msaidizi wake Tiziano Siviero waliibuka washindi mwaka huo, na hilo ndilo lililokuwa gari la kwanza la Kiitaliano kushinda Safari tangu mashindano hayo yaanzishwe mwaka 1953. Biasion akashinda tena mwaka 1989, na mwaka 1991 Juha Kankkunen wa Ufini akaiongezea Lancia ushindi wa tatu. Lakini sikushangazwa na ushindi. Kilichonishangaza ni kwamba gari lile, ukiliondolea matope, vyuma vya kukinga bampa na ule msururu wa taa za mbele, lilikuwa gari la kawaida kabisa. Lilikuwa na milango mitano. Lilikuwa na pembe zilizonyooka kama sanduku lililotengenezwa na seremala anayejiheshimu. Ungeweza kumwazia mwalimu mkuu akiipeleka familia yake kanisani ndani yake. Baadaye sana ndipo nilipopata kujua kwamba ndivyo lilivyokusudiwa: Delta ilitoka mwaka 1979 ikiwa gari la familia, na aliyeichora ni Giorgetto Giugiaro, ambaye nitarudi kumzungumzia.

Kabla ya Giugiaro, yanipasa nimtaje marehemu mjomba wangu. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari mjini Nakuru. Karakana yake ilikuwa kivuli cha mti, na mali yake ilikuwa nyundo za namna namna, vipande vya chuma vya kuegemezea bati, na misasa. Magari yalimjia yakiwa yamebonyea ubavu mzima. Akiisha kugonga hakuwa na desturi ya kuitazama kazi yake; aliipapasa. Alifumba macho na kupitisha kiganja juu ya bati taratibu, kama mtu apimaye homa ya mtoto, na alipofika mahali fulani alisimama, akarudi, akaokota nyundo ndogo. Jicho hudanganywa na mwanga, alikuwa akiniambia, kiganja hakidanganywi.

Nilipokuja kusoma habari za jiji la Turin, kaskazini mwa Italia, nilimkuta mjomba humo. Waitaliano wana neno lao la fundi wa aina yake, battilastra, yaani mpiga bamba. Na hao ndio waliouinua uzuri wa magari ya nchi hiyo kabla ya majina makubwa kujulikana. Kiwanda cha Fiat kilianzishwa Turin mwaka 1899, na kukizunguka kulizuka karakana za watengenezaji wa bodi, wengi wao warithi wa waliokuwa wakiunda magari ya kukokotwa na farasi. Mchoraji alilichora gari kwa ukubwa wake kamili kwenye karatasi iliyotandazwa ukutani. Maseremala wakaligeuza umbo hilo kuwa kiunzi cha mbao. Kisha mpiga bamba akachukua bamba la alumini au la chuma, akalilaza juu ya gogo lililochongwa kishimo au mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, akaligonga hadi litune panapotakiwa. Akalipeleka kwenye kiunzi kulijaribu. Likikataa, akalirudisha goweni. Kule Milan kiwanda cha Touring kilibuni katika miaka ya 1930 njia ya kufuma mifupa ya gari kwa vyuma vyembamba vyenye uwazi ndani na kuivika ngozi ya alumini, jambo ambalo halingemshangaza yeyote aliyeona nyumba ya fito ikijengwa na kukandikwa.

Katika karakana hizo ndimo alimokulia Battista Farina. Alizaliwa mwaka 1893, mtoto wa kumi kati ya kumi na mmoja, akabandikwa jina la Pinin, ambalo katika lahaja ya watu wa Turin ni kama kusema "kadogo". Alianza kazi akiwa mtoto katika karakana ya kaka yake, na mwaka 1930 akafungua yake. Jina la utani likamshika kiasi kwamba mwaka 1961 alipewa idhini rasmi ya kuliunganisha na la ukoo, familia nzima ikawa ya akina Pininfarina. Nani kati yetu angekubali jina alilopachikwa na wenzake liandikwe kwenye kitambulisho cha wajukuu?

Kisa chake kimoja hunifurahisha mno. Mwaka 1946, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimekwisha, Paris ilifanya maonyesho ya magari. Waitaliano, kwa kuwa nchi yao iliingia vitani upande wa Ujerumani, hawakuruhusiwa kushiriki. Farina na mwanawe Sergio walichukua magari mawili, Alfa Romeo na Lancia, wakayaendesha wenyewe kutoka Turin hadi Paris, wakayaosha, wakayaegesha nje ya jumba la maonyesho. Wageni waliokuwa wakiingia kutazama magari ya ndani wakaanza kukusanyika nje. Hakuna aliyeweza kuwakataza kuegesha.

Mwaka uliofuata, 1947, ndipo karakana yake ilipotoa gari dogo liitwalo Cisitalia 202. Ili mwanafunzi wa leo aelewe ukubwa wa jambo hilo, hebu na azikumbuke picha za magari ya kale. Boneti lilikuwa kitu kimoja, madigadi yamebandikwa kando kama masikio, taa zimesimama juu ya vijiti, na kibanda cha abiria kimewekwa nyuma kana kwamba kimeazimwa kwa jirani. Gari lilikuwa jumla ya vitu vingi. Katika Cisitalia mambo yale yote yaliyeyushwa yakawa umbo moja. Madigadi yalizama ubavuni, taa zikaingia ndani ya madigadi, boneti likashuka chini yake, na bati likapita kutoka pua hadi mkia bila ya jicho kujikwaa popote. Mwaka 1951 Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yaliliweka katika maonyesho ya magari manane yaliyochaguliwa kwa ajili ya umbo lao, na baadaye yakalihifadhi gari hilo miongoni mwa mali zake za kudumu, pamoja na picha na vinyago. Je, ndani yake mlikuwa na injini ya ajabu? La hasha. Ilikuwa injini iliyotokana na Fiat 1100, gari la watu wa kawaida.

Kuhusu Ferrari sitasema mengi, kwa sababu wanafunzi wangu wanazijua kuliko mimi. Nitataja tu kwamba Enzo Ferrari na Pinin Farina walikuwa wazee wenye kiburi sawasawa. Husimuliwa kwamba walipotaka kuanza ushirikiano mwaka 1951 kila mmoja alikataa kumwendea mwenzake, ikabidi wakutane katika mkahawa mjini Tortona, katikati ya Turin na Modena. Mahari ya ndoa hiyo ni magari ambayo leo hununuliwa kwa fedha ambazo zingejenga shule kadhaa. Nayatazama picha zake kama ninavyoutazama mlima Kenya: kwa heshima, na bila nia ya kuumiliki.

Gari lililonifundisha zaidi ni dogo kuliko hayo yote. Fiat iliajiri mhandisi mmoja, Dante Giacosa, ambaye maisha yake takriban yote aliyatoa kwa swali moja gumu: gari la mtu asiye na pesa liwe namna gani? Mwaka 1936 alitoa Fiat 500 ya kwanza, ambayo watu waliiita Topolino, jina la Kiitaliano la yule panya wa katuni Mickey Mouse. Mwaka 1955 akatoa Fiat 600. Mwaka 1957 akatoa Fiat 500 mpya, ambayo hata asiyejali magari huitambua. Haikufika mita tatu kwa urefu. Injini yake ilikuwa na silinda mbili, ujazo wa sentimita za ujazo 479, ilikaa nyuma na kupozwa kwa upepo. Sehemu ya paa ilikuwa turubai la kukunjwa.

Watu huitazama Fiat ile wakatabasamu, wakadhani mviringo wake ni urembo. Mwalimu wa fizikia na awaeleze kwa nini yai halivunjiki upesi likibanwa kati ya viganja viwili. Bati lililopindwa huwa gumu kuliko lililo bapa, kwa hiyo fundi anayelazimika kutumia bati jembamba na kidogo iwezekanavyo hana budi kulipinda. Umasikini wa malighafi ndio uliolizungusha gari lile. Giacosa hakuongeza uzuri baada ya kumaliza hesabu. Aliupata ndani ya hesabu zenyewe. Mwaka 1959 gari hilo likapewa Compasso d'Oro, tuzo kuu ya ubunifu wa vyombo nchini Italia, nalo likaendelea kuundwa hadi mwaka 1975. Hapo huwa namuuliza mwenzangu wa hisabati: pambo la bibi harusi liko wapi?

Sasa nirudi kwa Giugiaro, maana kisa chake chatuhusu walimu. Alizaliwa mwaka 1938 katika mji mdogo wa Garessio. Babu yake na baba yake walikuwa wachoraji, kazi yao ikiwa kupamba kuta na dari za makanisa. Kijana akapelekwa Turin kusomea uchoraji, akitumaini kuwa msanii kama wazee wake. Mmoja wa walimu wake, Eugenio Colmo, alikuwa na ujamaa na Dante Giacosa. Mwaka 1955, katika maonyesho ya wanafunzi ya mwisho wa mwaka, Giugiaro alitundika michoro yake ya magari, Giacosa akaiona, na kabla ya mwaka kwisha kijana wa miaka 17 akawa ameajiriwa na Fiat. Baadaye alihamia kwa Bertone, na mwaka 1968 akashiriki kuanzisha kampuni ya Italdesign. Volkswagen Golf ya mwaka 1974, gari ambalo Wajerumani hujivunia kama damu yao, lilitoka katika penseli yake. Mwaka 1999 jopo la waandishi wa magari kutoka nchi mbalimbali lilimteua kuwa mbunifu bora wa magari wa karne.

Katika kazi zake zote ninayoipenda zaidi ni Fiat Panda ya mwaka 1980. Ukiionyesha kwa watoto watasema ni kiberiti chenye magurudumu. Giacosa alilipinda bati ili lipate nguvu. Giugiaro akanyoosha karibu kila kitu ili kitengenezwe kwa urahisi. Vioo vyote ni bapa, hata kile cha mbele, kwa kuwa kioo bapa ni rahisi kukitengeneza na rahisi kukibadilisha. Mahali pa dashibodi nzito aliweka rafu iliyofunikwa kwa kitambaa, kama mfuko mrefu wa aproni, mtu atie humo chochote alicho nacho. Kiti cha nyuma kilikuwa kitambaa kilichowambwa kwenye vyuma: ukitaka, unakigeuza kuwa kitanda, ukitaka, unakilegeza kikabeba mizigo kama machela, ukitaka, unakitoa kabisa na kutia magunia yako. Vitambaa vya viti vilivuliwa vikafuliwa. Mwenyewe alikuwa akiifananisha na suruali ya jinzi, vazi lisilo na makuu ambalo tajiri na kibarua wote hulivaa bila kujitia aibu. Panda hiyo nayo ilipata Compasso d'Oro, mwaka 1981, na ikaundwa hadi mwaka 2003.

Wakazi wa Nairobi wa miaka ya 1980 na 1990 wataikumbuka ndugu yake Panda, yaani Fiat Uno, ambayo Giugiaro aliichora pia ikatoka mwaka 1983. Wakati ambapo wengine walishindana kuyalaza magari chini, yeye aliliinua paa, abiria wakae wima kama watu walioketi vitini nyumbani. Nafasi ikapatikana bila kuurefusha urefu wa gari. Jambo jepesi hivyo! Lakini ni nani aliyeliwaza kabla yake akalifanya lipendeze?

Mwenzake Giugiaro, ambaye pia alizaliwa katika mwezi wa Agosti mwaka uo huo wa 1938, ni Marcello Gandini. Huyu alikuwa mwana wa kiongozi wa okestra jijini Turin. Husimuliwa kwamba akiwa mwanafunzi alipewa pesa za kununua kitabu cha Kilatini, naye akaenda akanunua kitabu cha Giacosa juu ya injini. (Wazazi wanaosoma makala haya tafadhali wasiwasomee watoto sentensi hiyo.) Kwa Bertone alikuwa mrithi wa Giugiaro, na akiwa na miaka 27 aliongoza uchoraji wa Lamborghini Miura, iliyoonyeshwa Geneva mwaka 1966. Baada ya hapo akaacha mikunjo laini akaingia kwenye umbo la kabari: pua iliyochongoka, kioo kilicholala, mkia uliokatwa ghafla. Mwaka 1970 Bertone walitoa gari la kielelezo lililoitwa Stratos Zero, lenye kimo cha sentimita 84 tu. Nuccio Bertone aliliendesha mwenyewe kwenda ofisi za Lancia na, badala ya kungoja mlinzi ainue kizuizi cha langoni, akapita chini yake.

Mzaha huo ulizaa kazi. Lancia wakamwagiza Bertone awaundie gari la mashindano, na Gandini akachora Lancia Stratos, iliyoiletea Lancia ubingwa wa dunia wa rali miaka ya 1974, 1975 na 1976. Tazama ndani ya milango yake uone mifuko mipana: ilipimwa ili dereva na msaidizi wake watie helmeti zao. Stratos ilifika kwetu pia. Mwaka 1975 Sandro Munari alimaliza Safari akiwa wa pili, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Gari lililochongwa kama mshale halikupata kushinda Safari hata mara moja. Lililokuja kushinda ni lile sanduku la familia la Giugiaro. Nami sijui niseme nini juu ya hilo, isipokuwa kwamba matope ya Kenya nayo yana mapendeleo yake.

Mwenzangu atasema nimesifia upande mmoja. Kweli, yapo ya kusemwa upande wa pili, na si mapenzi yenye macho yanayokataa kuona. Alfasud, gari lililoundwa katika kiwanda kilichojengwa Pomigliano d'Arco karibu na Naples ili kuleta ajira kusini mwa Italia, ilikuwa na umbo zuri lililochorwa na Giugiaro na mwendo ambao waandishi wa magari waliuimba. Ilianza kuuzwa mwaka 1972, na kutu ikaanza kuila ingali changa. Lancia Beta ilikumbwa na balaa hilo hilo, hata ikabidi mwaka 1980 kampuni iyanunue tena magari mengi kutoka kwa wateja wake wa Uingereza. Jina la Lancia halikupata nafuu huko tena. Mjomba wangu angetikisa kichwa: kupiga bamba ni nusu ya kazi, kulilinda na maji ni nusu ya pili. Wajapani waliijua nusu hiyo ya pili, ndiyo sababu barabara zetu ni zao.

Karakana zenyewe nazo zimepatwa na mengi. Mwaka 2010 kampuni ya Volkswagen ilinunua sehemu kubwa ya Italdesign. Bertone ilifilisika mwaka 2014. Mwaka 2015 kampuni ya Mahindra ya India ilikubaliana kuinunua Pininfarina. Gandini alifariki mwezi wa Machi mwaka 2024. Lakini ukiangalia gari dogo la bei nafuu barabarani, la kutoka Japani, Korea au Ufaransa, ukaona limeinuliwa paa, limekatwa mkia na kupewa sura ya utulivu, utakuwa unaangalia mambo yaliyopimwa kwanza juu ya karatasi za Turin.

Nasi Wakenya tuliwahi kujaribu. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata kama lingekuwa baya wa sura na la mwendo wa polepole. Nyayo Pioneer zikaundwa, tano za kielelezo, zikaonyeshwa mwaka 1990, na mradi ukakwama kwa kukosa fedha kabla ya magari hayo kuanza kuundwa kwa wingi. Wahandisi wale nawavulia kofia. Jambo ambalo limenikaa moyoni miaka yote hii ni ile ruhusa ya ubaya. Ilitolewa kwa nia njema, kuwatia moyo watu waliokuwa wakianza. Hata hivyo ilichukulia kwamba sura nzuri hugharimu zaidi na kwamba mwanzo wa mnyonge ni lazima uwe wenye sura mbaya. Panda na Fiat 500 zinaonyesha kwamba bati lililokatwa vibaya na bati lililokatwa vizuri hununuliwa kwa bei moja. Tofauti iko kwenye muda ambao mtu ameketi na penseli kabla bati halijakatwa.

Na hapo ndipo ninapolazimika kusimulia lisilonipendeza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikiwa mwalimu kijana wa darasa la saba, nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyechora. Sanaa ilikuwa imeondolewa katika mtihani wa darasa la nane, nasi walimu tulihesabu kila dakika isiyo ya mtihani kuwa imeibwa. Mvulana huyo alichora kwenye kurasa za nyuma za daftari la Kiswahili nilipokuwa nikieleza ngeli. Siku moja nilimfumania. Nililishika daftari, nikaliinua darasa lote lione, nikauliza kama magari yale yangemjibia maswali ya insha. Darasa likacheka. Nikalifungia daftari katika droo yangu. Mwaka uliofuata familia yake ilihama.

Wakati huo nilikuwa tayari ninaijua Lancia, nilikuwa ninalijua jina la Giugiaro, na majarida yangu yalikuwa katika droo iyo hiyo. Habari za mwalimu Colmo sikuwa nimezisoma bado, lakini hilo si neno la kujitetea.

Daftari lile ninalo hadi leo. Kuna kurasa kumi na nne za magari, mengi yakiwa matatu na malori ambayo hayajapata kuundwa na mtu yeyote. Katika ukurasa mmoja amechora basi la shule lenye ngazi ya chini inayojikunja, na pembeni ameandika kwa herufi ndogo kwamba ni kwa ajili ya mtoto asiyeweza kupanda. Mjomba wangu, kabla hajafariki, nilimwonyesha ukurasa huo. Alipitisha kiganja juu ya karatasi, kwa mazoea tu, akauliza mchoraji ni nani na anafanya kazi wapi. Mwenyewe daftari akiwa anasoma ukurasa huu, atalijua kwa jalada lake la kijani na doa la wino penye jina. Na aje alichukue. Niko shule ile ile.